Amonia ya Mjomba

Mjomba alikuwa mkuu wa idara, na idara nzima ilijua kilichompandisha cheo ni koti. Tangu asubuhi koti hilo lilining'inia mlangoni, limepigwa pasi, likisubiri kamera kama bwana harusi.

Mpwa wake, mchambuzi wa mwanga, alikuwa mbele ya skrini. Darubini yao iliyoko juu angani hupokea mwanga wa nyotamkia na kuuchambua rangi kwa rangi, na kila gesi huacha alama yake humo. Alama ya amonia ilikuwa imesimama kama mlingoti, ndefu kupita kiasi.

"Hakuna aliyewahi kuona amonia nyingi hivi!" Mjomba alipiga meza. "Waandishi wa habari wako koridoni. Weka saini kwenye taarifa, mama."

"Mjomba, hatujapima pembeni yake, pale palipo patupu."

"Patupu! Utavuna nini shamba lisilopandwa?"

Mpwa hakubishana naye. Darubini ile hujigeuza kwa injini ndogo, na moshi wa injini hizo una amonia. Hata wewe mtu mzima, akawaza, ukisikia harufu nyumbani unaanza na nepi ya mwanao kabla ya kumsingizia jirani. Akafungua vipimo vya anga tupu vya wiki ileile. Alama ikasimama palepale, ndefu vilevile.

"Umeona? Nyotamkia haipo hapa, amonia ipo."

Mjomba aliinamia skrini. Kisha uso ukamchanua.

"Kumbe hata utupu una amonia! Mpwa wangu, huu ndio ugunduzi wenyewe!"

Mpwa akamtazama. Kusoma kote kule, na kilichonyooka ni koti tu.

"Toa jina langu kwenye taarifa."

"Kazi hii nilikuombea mimi. Jina likitoka, na wewe unatoka. Mtoto wako atakula nini?"

"Sijui bado. Ila siku moja atajua kusoma, Mjomba, na jina hilo likibaki atalikuta."

"Haya, nenda!" Mjomba akavaa koti, akahangaika na kifungo kilichogoma kufika tumboni.

Mpwa akachukua mkoba wake, akatoka. Koridoni mwandishi mmoja akamzibia njia.

"Dada, wewe ndiye mchambuzi? Tunaambiwa kuna amonia ya ajabu huko juu."

"Ipo," alisema. "Ni moshi wetu wenyewe. Mwulize Mjomba alipima wapi kwingine, halafu mwangalie usoni."