Uso wa Shangazi Kabla ya Kibao

Mwongozaji wetu tulimpa jina la Tena, kwa sababu hakuna picha aliyowahi kuipiga akaridhika. Waigizaji wakimaliza, jasho linawatoka, yeye anakuna ndevu na kusema, "Tena." Kisha hizo tena zote zinaletwa kwangu, kwenye chumba kisicho na dirisha, nizipange mpaka ziwe filamu. Yeye anakwenda kupumzika. Mimi ndiye mhariri.

Sina ugomvi na kazi yangu. Ugomvi wangu ni na watu wanaodhani kuhariri ni kufuta makosa, kama mtu anayepiga deki. Mwigizaji akiangalia pembeni, huo ni uso tu, haujasema kitu. Nikikata pale, nikaweka mlango uliofungwa, basi anamsubiri mtu. Nikiweka saa ya ukutani, amechelewa. Nikiweka mtoto aliyelala, ni mzazi. Uso ni ule ule. Mtazamaji ndiye anayejazia, na baadaye ataapa kwamba alimwona mwigizaji akihuzunika kwa macho yake mawili. Hapo ndipo ninapoipendea kazi hii, na hapo hapo ndipo iliponigonganisha na shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Siku moja aliniletea funguo nilizosahau nyumbani kwake, Tena akamwona mlangoni, akanishika mkono kama aliyeokota dhahabu. "Huyo! Huyo ndiye mama wa filamu yangu." Nikamwambia shangazi hajawahi kuigiza maishani mwake, hata kujifanya mgonjwa hajui. Nilikuwa napigia ukuta kelele.

Basi akapewa nafasi ya mama anayepigiwa simu na kuambiwa mwanawe amekufa. Ni tukio moja tu, lakini filamu nzima imeegemea hapo. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Siku ya kupiga picha alitoa yote aliyojifunza. Simu ilipolia akaipokea, akapiga yowe, akashika kichwa, akaidondosha simu, akaiokota haraka kwa sababu ilikuwa simu yake mwenyewe, akaifuta vumbi, akaidondosha upya. Tena akasema, "Tena." Shangazi akarudia vile vile, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Nilihangaika na picha zile mpaka nikazichukia. Nikikata yowe, mikono inabaki hewani kama anafukuza nzi. Nikifupisha, anaonekana amekanyaga msumari. Nikajaribu kuonyesha dirisha tupu huku yowe likisikika kwa mbali, ikawa kama kuna fundi anabomoa nyumba ya pili. Wenzangu wa ofisini nilipowaonyesha kipande hicho waliinamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Mmoja akasema samahani, akatoka nje akamalizie kicheko huko.

"Mwondoe," Tena akaniambia. "Nitatafuta mwigizaji wa kweli, tupige upya."

"Kaka, huyu ni shangazi yangu. Ameshawaambia watu wote."

"Kwa hiyo filamu iharibike kwa ajili ya undugu? Kama hujapata namna ya kumwokoa kabla ya onyesho la Ijumaa, anaondoka."

Nilitamani kumrushia kiti. Aliyemchagua ni yeye, aliyemwacha apige mayowe ni yeye, na sasa wa kwenda kumwambia mama wa watu kwamba hafai ni mimi. Na huku shangazi anapiga simu kila siku.

"Mwanangu, nimetoka vipi?"

"Vizuri, shangazi."

"Lile yowe limesikika? Maana yule wa sauti alikaa mbali, nikawa na wasiwasi."

"Limesikika vizuri, shangazi."

"Nimeshashona nguo. Jirani naye anakuja, na watoto wake."

"Vizuri, shangazi." Nikakata simu, nikaufunga mlango wa chumba kwa teke.

Mhariri akiishiwa, hukimbilia mabaki. Mpiga picha wetu ana tabia ya kuwasha kamera mapema, kibao cha kuanzia bado hakijapigwa, mafundi wa taa bado wanasukumana. Vipande hivyo hutupwa bila mtu kuvitazama. Mimi huvitazama, kwa sababu humo mna watu ambao hawajajua kwamba wanaonekana.

Humo nikamkuta shangazi. Amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, simu haijalia. Anaangalia kitu fulani nyuma ya kamera. Hana machozi. Anameza mate, kisha uso wote unalegea polepole, kama mtu aliyeelewa jambo na hana la kulifanya. Alikuwa anaangalia nini sikujali. Sauti nilikuwa nimeizima tangu mwanzo, maana humo huwa ni kelele za mafundi tu. Nikaichukua picha ile nikaiweka mara tu baada ya sauti ya simu inayosema, "Mama, mwanao hatunaye tena." Nikaiacha ikae, kimya, bila muziki.

Nililia. Mimi niliyeunganisha kwa mikono yangu, nikijua fika kwamba hakuna aliyepigiwa simu, nililia.

Tena alipoona hakusema neno lake. Aliuliza, "Hii nani kapiga?"

"Wewe."

Akakuna ndevu. "Basi usiiguse."

Yowe lote nikalitupa. Shangazi sikumwambia. Nilijua angeanza kunishawishi nilirudishe, nami sikuwa na nguvu za kubishana. Nikajisemea akishajiona ataelewa, na atanishukuru.

Ijumaa alasiri akaja na nguo yake mpya, akakaa mstari wa mbele na majirani. Mimi nilikaa pembeni ili nimwone yeye, siyo filamu. Simu ikalia kwenye skrini. Uso wake ulipojaa ukuta mzima, ukumbi ukatulia tuli, kisha nikasikia mtu anapenga kamasi, na mwingine, na mwingine. Jirani akamshika shangazi bega. Shangazi akautoa mkono ule taratibu, akainuka, akatoka nje.

Nilimfuata kwenye korido damu inanichemka. Nimepigana na mwongozaji, nimekosa usingizi, nimemtoa kwenye aibu, halafu ananisusia mbele za watu kwa sababu ya yowe!

"Shangazi, lile yowe lisingefaa. Watu wangecheka."

"Nimeona halipo. Hilo si neno."

"Sasa tatizo nini? Watu wazima wanalia mle ndani! Hujui nilivyohangaika ili ubaki kwenye filamu hii."

"Wanalilia nini?"

"Si mwanao amekufa!"

"Pale tulikuwa hatujaanza," alisema. "Hakuna aliyekufa. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Kweli siku ile nilikuwepo. Dereva anayeniletea kadi za kamera zenye picha alikuwa anaumwa, nikaenda mwenyewe kuzichukua.

"Umesimama kule nyuma unagombana na yule wa kamera," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Umekonda, umebaki mifupa mitupu. Ulipita karibu yangu kama unapita nguzo. Nikikupigia simu ni vizuri shangazi, vizuri shangazi, kama unamfukuza mtu wa bima. Nikawa nakutazama, najiuliza, huyu si ndiye niliyemlea? Mbona sijui hata pa kuanzia, kumwuliza ana nini? Huo ndio uso uliouona. Sasa umeuchukua, umewaonyesha watu kwamba mwanangu amekufa."

"Sikujua, shangazi."

"Najua hukujua. Nilikuita, hukugeuka."

Nilitaka kumwambia kwamba kwenye picha ile hamwiti mtu. Kisha nikakumbuka ni kwa nini hamwiti. Kuna mahali midomo yake inafunguka. Nilidhani anakariri maneno yake ya kuigiza, nikakata hapo hapo kwa hasira, maana neno lolote lingeharibu ule uso.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, Tena akatoa kichwa. "Mama! Umetisha! Njoo, watu wanakutaka!" Akanigeukia. "Na wewe usithubutu kugusa kitu pale."

"Nakuja, baba," shangazi akamjibu kwa adabu.

"Niitoe?" nikamwuliza shangazi, Tena alipoondoka. Nilikuwa tayari kuitoa, filamu ife tu.

"Ukiitoa utaweka nini?"

Nikavipitia kichwani vipande vyote vilivyobaki; kila kimoja kilikuwa na yowe.

"Iache," alisema, akiweka nguo yake sawa. "Huko ndani wameshaipokea. Lakini wewe kaisikilize."

Akaingia ndani, wakampigia makofi. Mimi nikaenda kwenye chumba changu, nikakitafuta kile kipande, nikawasha sauti kwa mara ya kwanza.

Fundi wa taa alikuwa anaomba ngazi. Mtu alikuwa anacheka. Juu ya wote ilisikika sauti yangu, karibu kabisa na maikrofoni, namfokea mpiga picha kwamba kadi moja haionekani na mimi sina muda wa kupoteza. Chini ya sauti hiyo, nilipoinamisha kichwa kwenye spika, nikamsikia shangazi anasema, "Mwanangu. Njoo ukae hapa kidogo." Mimi nikaendelea kufoka. Akaniita mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi.

Kisha kibao kikapigwa, simu ikalia, naye akapiga yowe.