Sahihi Chini ya Ripoti

Sikuwa na digrii. Sikuwa na pasipoti hadi nilipotimiza miaka hamsini na minane, wala koti la baridi, wala neno moja la lugha ya watu niliokwenda kuwasaidia. Nilikuwa na vyeti vitatu vya shule ya jioni, mkoba wa spana, na miaka thelathini ya kutengeneza mashine za kufulia hospitalini. Kiburi hakikunipungukia.

Shirika moja la misaada lilinipeleka ng'ambo kujitolea kwa miezi mitatu katika chumba cha kufulia cha hospitali moja. Wanawake wanne walifua pale mashuka ya wodi zote. Mkubwa wao nilimwita Bibi Funguo, kwa jinsi zilivyomlia kiunoni. Niliwaonyesha namna ya kusafisha kichujio cha pampu. Nikakifungua, nikakiosha, nikakirudisha, mkalimani akitafsiri.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, fundi."

Bibi Funguo akafuta mikono kwenye aproni. "Umefundisha vizuri sana. Ila leo umechoka. Kesho ukipenda, tutakutazama tena."

Nikacheka. "Mimi sichoki, mama. Na kazi ndogo hii haitaki siku mbili."

Wakacheka pamoja nami, kwa adabu.

Wiki tatu baadaye pampu iliungua. Kichujio kilikuwa kimerudishwa kinyume, kimesongwa na nyuzi za mashuka. Mratibu wa shirika akaandika ripoti: wafanyakazi wazembe, walifundishwa, wakakiri kwamba wameelewa.

"Tia sahihi hapa, mzee. Utaratibu tu."

Nikatia. Kabla sijapanda ndege, wote wanne walikuwa wamefukuzwa. Bibi Funguo aliweka funguo zake mezani, akanipa mkono, akasema kwa lugha yangu, maneno aliyojifunza kwa mkalimani, "Safari njema, fundi."

Laiti angenitukana. Tusi ningelijibu na kulisahau. Heshima ile ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, na ndiyo iliyonisukuma chuo kikuu, uzee huu, kusomea mawasiliano baina ya tamaduni. Shirika likanifadhili hadi shahada ya pili. Lilipenda sana kupigwa picha na mzee wake msomi.

Siku moja mhadhiri, aliye rika la binti yangu, aliuliza darasani: "Mahali ambapo ni aibu kumwambia mgeni kwamba amefundisha vibaya, asiyeelewa hufanyaje?"

Kalamu ilisimama mkononi. "Humwambia mgeni amechoka," nikasema.

"Vizuri sana, mzee. Andikeni hilo."

Wenzangu wakaandika. Mimi nilitoka nje nikasimama ukumbini kwa hasira. Yule mama aliniomba waziwazi nirudie somo. Mwenye masikio mazito nilikuwa mimi, na waliofutwa kazi ni wao.

Nililiandikia shirika lifute ripoti. Jibu lilikuja tamu kama dawa ya kikohozi: jalada limefungwa, nizingatie masomo, nisisahau nani ananilipia. Basi nikaiandikia hospitali yenyewe. Nilisema kwamba nafuta sahihi yangu, kwamba aliyeshindwa kazi ni mwalimu, na kwamba wanawake wale waitwe, waombwe radhi, warudishwe kazini. Nakala kwa shirika.

Binti yangu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama.

"Baba, watakukatia ufadhili. Imebaki miezi miwili. Ngoja uvishwe joho kwanza, kisha uwatukane utakavyo."

"Wale wanne nani aliwangoja?"

"Na mimi nilishanunua viatu vya mahafali."

"Vivae kazini."

Alinuna, kisha akanisogezea bahasha. "Umekosea tarehe," akasema.

Nikairekebisha. Nikaikunja barua mara tatu, nikailamba bahasha, nikaibana kwa kiganja hadi gundi ikashika.

Posta, karani hakuinua macho. "Ya kawaida au rejista?"

"Rejista."

Akaigonga muhuri mara mbili, akaitupa ndani ya gunia.