Jibu la Ji-an Lilitangulia Swali

Mtu akiniuliza siku ile nilihisi nini, namwambia sikuhisi kitu. Ganzi tu, kama mguu ulioukalia muda mrefu.

Bwana Pyo, mwalimu mkuu wa shule yetu hapa Cheongju, aliniita ofisini. Huyo mimi ndiye niliyemfundisha kushika darasa, enzi hizo hajui hata kukaripia. "Dada Guk," akasema, "wazazi wananung'unika. Madarasa yote ya nne yanatumia vishikwambi, wewe bado na chaki zako. Siku ya wazazi ikienda vizuri, darasa ni lako mpaka ustaafu. Ikiharibika, mwaka wa shule ukiisha Februari ukapumzike nyumbani."

Haya. Nikamwendea Mwalimu Tak wa chumba cha jirani, binti rika la kitinda mimba wangu. Akanionyesha: watoto wanaandika kwenye vishikwambi, majibu yanatokea kwenye skrini kubwa ukutani.

"Umenipata, mwalimu?"

"Nimekupata. Mimi mzee, si gogo."

Akacheka. Alikuwa na subira, sitamsingizia.

Kuamkia siku ya wazazi nikawafanyisha watoto mazoezi, kama tulivyofanya siku zote, safari hii kwa vishikwambi. Hata Pyo alifanya, asijitie utakatifu leo. Wote wananyoosha mikono: anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili wazazi waone darasa zima limechangamka. Na mmoja lazima akosee, mwalimu apate cha kusahihisha. Nikampa kazi hiyo Ji-an, kwa kuwa ndiye mwenye akili kuliko wote na hasahau. Tulipomaliza nikafuta ubao, tukaenda zetu. Kwangu mimi, kikishafutwa kimekwisha.

Kesho yake wazazi wakajipanga nyuma, viatu wameviacha mlangoni, ndara za shule miguuni. Nikawasha skrini, niulize kwa nini watu wanahama vijijini. Sijafungua kinywa, majibu yote ya jana haya hapa, kila moja na jina lake. La Ji-an: "Kwa sababu mjini hakuna baridi." Chini yake, maneno yangu mwenyewe: "Fikiria tena, Ji-an. Je, kazi? Je, shule?"

Baba mmoja akakohoa. Tak, aliyesimama mlangoni, akanifanyia ishara nizime. Nizime wapi? Nikauliza swali, ningefanya nini tena? Mikono yote ikapanda. Nikawaita, wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakajikuna vichwa kana kwamba wanafikiri, wakasema yaleyale yaliyoandikwa ukutani. Hakuna aliyekosea hata neno. Maskini, niliwafundisha wakafundishika.

Ji-an alipomaliza kukosea kwake, mama yake akasema kwa sauti ya chini, ya heshima, "Samahani, mwalimu. Mwanangu hajui, au ulimwambia asijue?"

"Nilimwambia," nikajibu.

Bwana Pyo akatoka, akaufunga mlango polepole. Hapo nikajua darasa si langu tena. Nikangoja roho iniume. Wapi.

Kengele ikalia. Wazazi wakainama kidogo kuniaga, wakaondoka bila kunitazama usoni. Ji-an akabaki, akaja mpaka mezani kwangu, uso umejaa wasiwasi.

"Mwalimu, nimekosea vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu," nikamwambia.