Mkono Ndani ya Kofia ya Folke

...kwa hiyo ile ndiyo, ile yenye ncha iliyokunjwa, imemjia kidoleni hata kabla hajaitafuta, karatasi kumi na nne zimo ndani ya kofia na ya kwanza kuguswa iwe hiyo hiyo, kama mbwa amjuaye bwana wake, na Method akautuliza mkono humo ndani, kwenye joto la manyoya yanayonuka tumbaku ya kiko ya mzee Folke, akajifanya anachanganya, wenzake wa karakana wakacheka, wakagonga meza kwa vikombe vya kahawa, changanya, Method, changanya vizuri, akasema mmoja, na mwingine akasema, mwacheni, huyu mkono wake safi, kila mwaka mkono wake safi... safi, neno lile lile, limepanda ndege likamfuata mpaka Sundbyberg, mpaka chumba cha kahawa cha kiwanda, saa tatu asubuhi, Jumatatu, Septemba ya mwaka sabini na tatu, na uso ukamwaka moto, bahati yake weusi unasitiri, Mswidi angekwisha kuwa mwekundu kama nyanya na kila mtu angeuliza, una nini.

Na jambo lenyewe dogo, ukimsimulia mtu wa nyumbani atacheka, watu wazima wanagombea mnyama ambaye bado yuko msituni anakula majani yake, älg wanamwita, Method alipotaka kumwandikia mkewe Clementina habari zake alikosa jina la kumpa, akaandika tu, ni paa mkubwa kuliko ng'ombe, mapembe yake mapana kama koleo, na kundi hili la wawindaji wa kiwandani hupewa kila mwaka vibali vya ndama na majike, lakini kibali cha dume mzima mwaka huu kimekuja kimoja tu, kimoja kwa watu kumi na wanne, ndiyo maana kuna kura, na ndiyo maana yupo yeye, kwa sababu mchezesha kura sharti awe mtu asiye na bunduki, asiye na jina ndani ya kofia, asiye na shemeji kundini, na nani kama yeye, Mtanzania wa mashine ya tatu, tena mwenye mwandiko wa kikarani, basi huu mwaka wa tatu wanampa kalamu na mkasi ayaandike majina, ayakate, ayakunje, ayatumbukize mwenyewe, na hakuna hata mmoja anayechungulia... wangechungulia, Mungu wangu, si wangechungulia tu mara moja, asubuhi hii, alipoinama juu ya jina la Bertil Hedlund akaikunja ncha yake kwa ukucha, kidogo, kiasi cha punje ya mchele, na ukucha haukutetemeka, la, ulifanya kazi kama uliyoizoea.

Maana Hedlund ndiye msimamizi wao, naye ndiye alimwita Ijumaa pembeni ya ghala, akakaa juu ya kreti akilisugua goti, akasema, daktari ananiambia misitu basi, Method, huenda huu ndio msimu wangu wa mwisho, ningefurahi kumpata dume mmoja kabla sijaitundika bunduki, kisha, bila hata kuvuta pumzi, akasema, na ile barua yako ya kumleta mkeo, Jumatatu baada ya kahawa nitaitia sahihi... goti, dume, barua, moja mbili tatu, na Method si mtoto, Method amefanya kazi ofisini, anajua mkubwa hasemi, mkubwa anasugua goti tu na wewe uelewe, tena mkubwa huyu ni yule anayewaambia wote wamwite Bertil, Bertil kavu, bila bwana, jambo ambalo ulimi wa Method umekataa miaka minne sasa, maana mkubwa anayetaka umwite kwa jina kama mchunga mbuzi mwenzako lazima ana haja na wewe, hivyo alijibu, ndiyo, Bwana Hedlund, nimeelewa, na Hedlund akamtazama kidogo, akasema, umeelewa nini? halafu akacheka akaondoka, na hata kicheko hicho Method alikitia kwenye hesabu, akaona, ah, anajifanya hajui, wakubwa wote ni wale wale.

Wale wale, kama Bwana Nyama wa wilaya kule nyumbani, mkubwa wake katika ofisi ya wanyamapori, aliyemwita hivyo hivyo, mwaka wa sitini na nane, akasimama dirishani akampa mgongo, akasema, shemeji yangu hajawahi kumpiga mbogo, Method, na wewe unajua mkono mtupu haulambwi, basi, maneno hayo tu, na kesho yake, mbele ya watu wa vijiji vitatu waliokaa kwenye nyasi, karani Method akatia mkono ndani ya kapu, kibali cha mbogo kimoja tu msimu mzima, akavuta karatasi yenye ncha iliyokunjwa, akasoma jina la shemeji, na katika kapu lile lilikuwamo jina la Mashauri, Mashauri ambaye mbogo walikuwa wamemlalia shamba mara mbili, wamekanyaga migomba na mihogo mpaka nyumba ikabaki inakula kwa majirani, Mashauri baba yake Clementina, mkwe wake, mtu ambaye Method alikuwa ametoka kumpelekea mahari mwezi mmoja tu nyuma... na watu walisemaje? hapo ndipo penye mwiba, watu walipiga makofi, wakasema, mmemwona kijana huyu? hata mkwe wake hakumpendelea! naye Mashauri mwenyewe, mzee wa watu, akaja akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, baba, mimi nimekosa lakini nimefurahi, Clementina amepata mume mwenye mkono safi, na Method akasema, asante, baba, akasema asante! ardhi isipasuke, na usiku wala mchana hajawahi kujisamehe asante ile.

Kisha gobore, bila shaka, mbogo waliporudi mara ya tatu mzee alichukua gobore la jirani akaingia msituni bila kibali, maaskari wa nyama wakamkuta amesimama juu ya mzoga, mahakamani akasema, niliomba kwa haki nikakosa kwa haki, shamba ndilo lililoshindwa kungoja, na hakimu akamgeukia karani, je, kura hiyo ilichezeshwa sawasawa? na karani akasema, sawasawa, mheshimiwa, mzee akafungwa miaka miwili, na Desemba arusi ikafungwa kiti cha baba wa bibi arusi kikiwa kitupu, Clementina akikitazama kile kiti chini ya shela, naye Method ameshikilia keki... na Mei iliyofuata jina lake likatoka kwenye orodha ya watakaokwenda Swideni kusomea ufundi, nani aliyeliweka? Bwana Nyama huyo huyo, kwa hiyo ukweli ni kwamba ndege aliyoipanda, koti alilolivaa, chumba chake cha Hagsätra chenye jiko la sahani mbili, theluji ya kwanza aliyoishika akicheka kama mwendawazimu, vyote vimetoka kwenye ncha moja ya karatasi, na miaka yote hii amejikinga kwa neno moja, nilitumwa, mjumbe hauawi, nilitumwa, analisema kwenye treni, analisema kanisani, na sasa barua ya Hedlund ndiyo itakayomtoa Clementina kule aje na Getrude, Getrude wa miaka minne asiyemjua baba ila kwa picha, anaibusu picha mpaka pua imefutika, aliandika Clementina, Baba Getrude, tunangoja hiyo karatasi tu, na baba anakusalimu, anatembelea fimbo sasa, anasema Wazungu wana bahati kupata mkono safi... hivyo binti wa Mashauri naye aje kwa ncha ile ile iliyomfunga baba yake, amshukuru uwanja wa ndege, amkumbatie, naye amjibu, asante?

Nå, haya basi, Method, unatafuta nini humo, akasema Folke, wakacheka tena, Folke ndiye mwenye kofia, miaka kumi na moja jina lake halijatoka hata mara moja, na kila mara humpa Method mkono na kumshukuru kwa kazi nzuri, Jumamosi iliyopita alimletea uyoga ndani ya gazeti, akamwonyesha upi wa kuliwa na upi wa kutupwa, na jina lake limo humu chini ya kiganja, limenyooka, halina ncha, halina mtu... mzoea vya kunyonga, Method, vya kuchinja haviwezi, vuta basi yaishe, tayari ameibana ile karatasi kwa vidole viwili, akainua macho amtafute Hedlund, amwonyeshe kwa kope kwamba kazi imekwisha, na Hedlund hakuwa akimtazama. Hedlund alikuwa akiitazama kofia. Amekaa ukingoni mwa benchi, kahawa imepoa, midomo imekauka, na mkono wake juu ya goti bovu umefumbwa ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani, na Method anaijua ngumi hiyo, ndivyo wafanyavyo watu wa hapa wanapoomba bahati, Folke alimfundisha siku ya mtihani wake wa Kiswidi, nenda tu, nitakushikia kidole gumba, na sasa mzee mzima mwenye mvi anashikilia gumba lake mpaka vifundo vimekuwa vyeupe... lakini aliyekwisha kununua haombi bahati. Shemeji wa Bwana Nyama hakuomba kitu, shemeji alikuwa anasinzia kwenye nyasi. Huyu anaomba, huyu hajui, hajui chochote, goti lilikuwa goti, barua ilikuwa barua, angeisaini hata kama dume angekwenda kwa mwingine, umeelewa nini? alimuuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Basi hakutumwa. Aibu ikamshuka yote kwa mpigo, si ile ya zamani yenye mlango wa nyuma, hii haina mlango, hakuna dirisha, hakuna bwana aliyempa mgongo, ukucha ni wake, na kama ukucha umeweza leo bila kutumwa basi hata siku ile ya kapu ulikuwa wake vilevile... akaisugua ile ncha kwa gumba humo humo gizani, ainyooshe, ilale, iwe kama wenzake, kisha akachanganya kweli, mara hii kweli, akafunga macho, na vidole vikaenda moja kwa moja vikaikuta, karatasi iliyokunjwa haisahau, akaiacha, akaikuta tena, na akajua kwamba hata akivuta nyingine, hata ikiwa ya Folke, watapiga makofi, watasema safi, naye atasema asante.

Anaogopa, hilo halifichiki, barua bado haina sahihi, na Getrude na picha yake isiyo na pua... Hedlund bado ameshika gumba, Folke bado anatabasamu, mkono bado umo ndani ya kofia, lakini haushiki kitu sasa, na Method anayapanga maneno ya Kiswidi moja moja, polepole, asikosee hata moja, maana ni maneno ambayo hakimu aliyangoja miaka mitano iliyopita, hii nimeikunja mimi, hakunituma mtu.