Nyumba Zilizolala Upande

Likizo ya kaka ilipokaribia kwisha, alichora mji wa ng'ambo anakofanya kazi, akautundika sebuleni. Mbingu nyekundu, barabara nyeusi kama masizi, na maghorofa yote yamelala upande kama watu waliosinzia kwenye benchi.

Balaa likaanzia hapo. Kila apitaye anaipinda fremu ili nyumba zisimame. Mama akifagia, anaipinda. Shangazi akija, anaipinda. Mimi nainyoosha, nikigeuka tu, imeshakwenda upande.

"Mama, kinachotakiwa kunyooka ni fremu."

"Fremu haikai watu, mwanangu. Nyumba zinakaa watu."

Shangazi akacheka. "Kaka yako kazunguka kote huko, mstari umemshinda. Wangemwazima hata rula."

Sikucheka. Nilimwona akichora, gumba likisugua ule weusi mpaka turubai ikalalamika. Na kila mama akitaja safari, kaka hunyanyuka kwenda kunawa mikono, hata ikiwa safi. Hataki kurudi kule. Ila hasemi.

Nikamfuata jikoni. "Mwambie mama."

"Nimeshamwambia. Ipo ukutani."

"Ukutani yeye anaona maghorofa mabovu."

"Basi tena."

Huyu hasemi, yule haoni, nami nimebanwa katikati kama kidole mlangoni.

Siku ya kufunga mizigo, mama alikaa sebuleni na sanduku miguuni, akikunja mashati ya kaka kwa raha zake, shangazi akimpokeza. Uvumilivu ukaniishia. Nikaitoa picha ukutani, nikamwekea mama mapajani.

"Muulize alikuwa anakaa wapi humu."

Mama akaniangalia, kisha akamgeukia kaka. "Haya, baba. Nyumba yako ipi?"

Kidole cha kaka kilipita juu ya maghorofa yote bila kutua, kikashuka mpaka chini ya ngazi, penye weusi.

"Hapo."

"Hapo hapana nyumba."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nalala hapo kwa ubavu, nyumba naziona hivyo."

"Na ile sebule ya zulia uliyotutumia kwenye simu?"

"Ya watu. Nilikuwa naisafisha."

Mama aliisogeza picha pembeni taratibu, kama sahani yenye mchuzi.

"Mdomo unao, halafu unanitundikia fumbo ukutani," akasema. "Mimi mama yako au mgeni wako?"

Mama akaanza kuyatoa mashati sandukuni, akiyarusha kwenye kochi, kila shati na karipio lake.