Korido ya Bi Redio

Bi Redio aliacha kwenda barazani kunywa chai, na binti yake, fundi cherehani, akaanza kumpelekea chumbani. Kati ya mlango wa mbele na kitanda cha mama palikuwa na korido fupi tu. Muuguzi wa kuzungukia wazee majumbani alipoondolewa, korido ilianza kurefuka. Mwanzoni chai ilifika vuguvugu, baadaye ikafika baridi, na binti akaanza kuibeba kwenye chupa.

Muuguzi yule hakuwa na makubwa. Alipima presha, akavuta kiti, akasikiliza. Na Bi Redio hakupewa jina lile bure: alimsimulia habari za mtaa mzima, hata zile ambazo zilikuwa bado hazijatokea. Sasa matangazo yalikuwa yamekatika. Binti alimpenda mama yake sana, lakini cherehani ndiyo iliyowalisha wote wawili, na cherehani haisubiri mtu amalize hadithi.

Alipoona asubuhi nzima inaishia njiani, aliamua kumpeleka zahanati. Walitoka chumbani alfajiri, wakafika mlango wa mbele jua limeshawaka. Daktari alikuta presha ya mama ni nzuri kuliko yake mwenyewe. Alipomwuliza anaumwa wapi, Bi Redio alijibu kwamba haumwi popote, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Binti ndiye aliyeeleza habari ya korido. Daktari aliitikia kwa kichwa; nyumba nyingi za wazee mtaani zilikuwa zinarefuka, na familia moja ilishanunua baiskeli ya kutumia ndani.

"Anahitaji mtu wa kukaa naye, amsikilize," alisema. "Tulikuwa naye, nafasi yake imefutwa. Dawa ya presha tunayo, ya sukari tunayo. Ya huzuni, dada yangu, hatujaletewa."

Ofisi ya afya haikukaa kimya. Ilituma mafundi wakafunga taa koridoni, wakaweka na benchi la kupumzikia. Bwana afya alilikalia, akapigwa picha. Binti alilia siku ile, ingawa benchi lenyewe lilikuwa zuri.

Alihamishia cherehani koridoni ili awe karibu na mama. Wateja walinung'unikia umbali, wengine wakahamia kwa fundi mwingine. Kila aliposogeza cherehani mbele, kitanda nacho kilisogea, tena kwa mwendo mkubwa zaidi.

Mchana mmoja, akiwa anashona shati la mteja, alisikia sauti ya mama, nyembamba, kutoka mbali.

"Nani huko?"

"Mimi, mama."

Alimaliza kola nzima kabla jibu halijafika.

"Mimi nani?"

Aliinuka, akakusanya mikono mdomoni, akaita: "Mwanao!"

Akabaki amesimama, akisikiliza. Jioni mteja alikuja akachukua shati lake, akalipa, akaaga. Jibu lilikuwa bado halijarudi.