Kikombe cha Mpiga Dawa

Kikombe kilikuwa cha bati, na msimamizi Kornelio alikuwa haondoki mbele yako mpaka umalize. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya shamba lile la kabichi kule Kwai. Barakoa ziliisha kabla ya masika, glovu hazikuwahi kufika, lakini maziwa hayakukosekana siku yoyote ya kupiga dawa ya wadudu. Maziwa yanaosha sumu, walisema wote, na Dorkasi aliamini. Aliamini mno, maana tangu aanze kuyanywa matiti yake yalikuwa yanajaa vizuri.

Leo hakutaka kuyanywa. Alitua bomba la dawa chini, gauni likiwa limelowa dawa mgongo mzima, akajifuta mikono kwenye majani.

"Bosi, naomba niende nayo nyumbani. Nimkorogee mtoto uji."

"Mtoto wako anapiga dawa?"

Wenzake wawili wakacheka, kisha wakageukia mabomba yao walipouona uso wake.

Jana alikuwa zahanati na Glory, binti yake wa miezi saba, aliyekuwa amelegea, mate yanamtoka, tumbo linaendesha. Nesi Evodia alimnusa mama kabla hata hajamgusa mtoto.

"Unapiga dawa?"

"Ndiyo, nesi. Ila nakunywa maziwa."

"Maziwa hayaoshi kitu, mama. Mwili wenyewe ndio unaojisafisha. Sumu unaitoa kwa mkojo, kwa choo, kwa jasho." Nesi alikitazama kifua cha Dorkasi. "Na nyingine inapita kwenye ziwa. Iache hiyo kazi kwanza. Mtoto mpe uji wa maziwa ya ng'ombe."

Dorkasi alirudi njia nzima analia kwa hasira. Mwili wake ulikuwa umetafuta pa kutupia uchafu wa shamba la watu, ukapaona mdomoni mwa mwanawe.

"Nesi amesema dawa inapita kwenye ziwa langu," alimwambia Kornelio sasa. "Kama maziwa hutoi, basi nihamishie palizi."

"Nesi ndiye anayekulipa? Palizi imejaa. Nenda getini ukaone wanaoitaka nafasi yako."

Hakuwa na haja ya kwenda kuona. Mumewe Paskali alishuka Tanga kutafuta kazi, na sasa simu yake haipatikani. Unga wa uji ulitoka hapa hapa, kwenye bomba hili.

"Na leo usiniletee mambo," Kornelio aliongeza kwa sauti ya chini. "Wanunuzi wa kabichi wanakuja kuona tunavyowatunza. Shika kikombe."

Gari lao lilikuwa limeshasimama. Alishuka mama mmoja mwenye buti safi na kamera shingoni, akasalimia kwa uchangamfu, akauliza maziwa ni ya nini.

"Afya ya wafanyakazi, mama," Kornelio alijibu. "Kunywa, Dorkasi, wageni waone."

Dorkasi akanywa. Kamera ikalia. Maziwa yalikuwa mazuri, ya asubuhi ile ile, na hilo lilimuuma kuliko yangekuwa yamechacha. Kabla hajamaliza alisikia kilio anachokifahamu kikipanda kwenye njia ya mferejini, na kifua kikamsaliti hapo hapo. Gauni likalowa mbele pia.

Mama mkwe wake, Jenoveva, alikuwa anakuja na Glory mgongoni.

"Nimeshindwa, mama Glory," alisema, pumzi imemkatika. "Uji mtupu anautema. Nesi alichosema nakijua, lakini mtoto atakufa na njaa. Mpe kidogo tu."

"Jamani, kumbe unanyonyesha!" mgeni alifurahi kweli kweli. "Mnyonyeshe hapo hapo kwenye kabichi. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa naitafuta."

Dorkasi alimgeukia Kornelio. "Bosi, mwambie. Mwambie nilichokuambia."

Kornelio alitazama geti, akatazama gari. Alikichukua kile kikombe mkononi mwa Dorkasi, kikiwa bado na maziwa kidogo, akayamwaga kwenye tuta.

"Mnyonyeshe mtoto, mama Glory. Usituaibishe."

Jenoveva alishamfungua mtoto mgongoni. Akamweka mikononi mwa mama yake, kwenye ile mikono iliyofutwa kwa majani. Glory alisikia harufu ya maziwa, akaacha kulia, akafungua mdomo.

"Geukia kwenye jua kidogo," mgeni alisema, jicho limeshaganda kwenye kamera. "Na utabasamu, mama."